Usinianzie na Bei: Mhadhara kwa Wakusanya Sarafu, Moshi

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie njia mbalimbali za kukusanya sarafu, lakini nimeshadakwa mlangoni: "Mwalimu, hii rupia ya Mjerumani ni milioni ngapi?" Jamani! Kila nikisimama nasema, na bado kuna watu wanauza ng'ombe wanunue "rupia yenye nguvu" kwa matapeli. Rupia haivuti wateja wala haizimi taa. Ni kipande cha fedha chenye sura ya Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani waliotutawala, na zile za kuanzia 1904 zina herufi ya kiwanda kilichozipiga, A ya Berlin au J ya Hamburg. Basi.

Anayeanza na bei ni dalali. Mkusanyaji anaanza na swali. Chukua senti kumi ya tundu ya enzi za Mwingereza, zile bibi zetu walizotunga kwenye kamba. Soma mwaka. Ukikuta 1936 na jina EDWARDVS VIII, tulia kwanza.

Mfalme huyu, Edward wa Nane wa Uingereza, alikaa kwenye kiti Januari hadi Desemba 1936, akakiachia ili amuoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachika. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mtaani. Mkusanyaji wa London anazisikia tu. Sisi je? Sarafu zetu za tundu hazikuwa na sura. Ungeiweka wapi, na katikati pana shimo? Zilikuwa na jina na taji, upande wa pili pembe za ndovu, kwa hiyo hakuna aliyemngoja mchongaji amalize pua ya mfalme. Zikapigwa, zikaletwa, zikanunua chumvi sokoni.

Naona mzee wangu pale anatabasamu, anadhani ametajirika. Hujatajirika, mzee. Bei haifuati umri wala jina la mfalme, inafuata zimebaki ngapi na ziko katika hali gani, na hizi zilipigwa nyingi mno. Ila angalia utamu wake: ukiipata moja, unaweza kukuta chini herufi H, au KN, viwanda viwili vya Birmingham. Tayari unakusanya kwa viwanda. Kisha unawataka majirani zake, George wa Tano, George wa Sita, Elizabeth, mpaka ile ya 1964 isiyo na mfalme kabisa. Hapo unakusanya kwa watawala, na wote ni senti kumi, wanaenea kwenye kopo la kahawa. Niambieni ni hobi gani nyingine ina gharama ndogo hivyo.

Njia nyingine, haraka haraka, maana Mwenyekiti ananionyesha saa. Wanyama: sarafu za Tanzania za 1966 zina samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini. Mtoto wa darasa la tatu anaweza, na akienda kwa Mangi kununua mkate anarudishiwa nyati wa mia tano kama chenji. Mahali: Tabora 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari, wanapiga sarafu za dharura wenyewe, hata rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Hiyo ya dhahabu msiniletee. Mliyonayo ni bandia, nawaambieni kabla sijaiona.

Mtu ataniuliza mbona sijataja sarafu za kale za Kilwa, zile za masultani. Zisomeni makumbusho. Kuchimba magofu bila kibali ni kosa, na hapo hatubishani.

Pesa za Barghash, sultani wa Zanzibar, zile zenye mizani, nilizipangia dakika kumi, basi, zimeliwa na Edward. Moja tu kabla hamjasogea: msisugue! Si limau, si mchanga, si dawa ya mswaki. Ile rangi ya kahawia unayoiona ni uchafu ndiyo inayomwonyesha mnunuzi kwamba sarafu haijaguswa, ukiing'arisha umeshaiua. Nimeziweka mezani zangu. Njooni, mshike ukingoni, vidole visiguse uso.