Dawa za Alzheimer, na ile Piriton ya bibi

Kamwene jamani! Asanteni kwa kuja na hii baridi ya Mafinga, wenye mablanketi jifunikeni tu tuendelee.

Nianze na bibi yangu. Alianza kuuliza kitu kilekile mara kumi, baadae akawa anatoka usiku anasema naenda kwetu, na kwao ndo hapohapo. Tukasema uzee, wengine wakasema karogwa. Sasa mafua ya huku mnayajua, mimi nikawa nampa Piriton kila jioni, si inamtuliza analala. Sikuwa nimesomea famasi bado. Inaniuma mpaka leo.

Sikilizeni kwa nini. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa asetilikolini, inabeba ujumbe toka seli moja kwenda nyingine, kumbukumbu inaitegemea sana. Mgonjwa wa Alzheimer, huu ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, seli zinazoitengeneza zinakufa, inapungua. Dawa kama donepezili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, inazuia kile kimeng'enya kinachoivunja, ili hiyo kidogo iliyobaki idumu. Rivastigmini na galantamini njia ni hiyohiyo. Halafu Piriton, yaani klorofenamini, inaziba mahali ambapo asetilikolini inatakiwa kupokelewa! Mmoja anahangaika kumfikisha mgeni mlangoni, mwingine kafunga komeo kwa ndani. Sisemi ndo ilimletea bibi ugonjwa, hapana, ila mzee ambaye akili yake tayari ina ukungu unamwongezea ukungu. Amitriptilini nayo iko hivyo, na dawa kibao za mafua na usingizi, ila kama mzee ameandikiwa usimkatishe mwenyewe ghafla, rudi kwa daktari.

Na donepezili yenyewe haiponyi, nisiwadanganye. Inasaidia kwa muda, wengine haiwasaidii. Kawaida anaanza miligramu 5 usiku, baada ya wiki 4 mpaka 6 inaweza kupanda 10. Inaleta kichefuchefu, kuharisha, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka, kwa hiyo mwenye moyo wenye shida aseme mapema.

Zile mpya mnazozisikia, lekanemabu na donanemabu, zinaondoa uchafu wa amiloidi, yaani protini inayorundikana kwenye ubongo. Lekanemabu ilijaribiwa kwa watu 1,795 miezi 18, kudhoofika kulipungua kasi kwa asilimia 27, tena ni kwa walio hatua za mwanzo tu, na lazima kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ubongo, kirudiwerudiwe maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Marekani ilianza kuuzwa dola 26,500 kwa mwaka. Inawekwa kwa dripu au sindano, so mtu akikuletea vidonge vya lekanemabu mtaani huyo ni mwizi, mfukuze.

Mkimpeleka mzee hospitali bebeni dawa ZOTE kwenye mfuko, za dukani, mitishamba, hata ile nusu kidonge aliyopewa na jirani, mwageni mezani daktari aone.

Haya maswali. Mama wa kitenge cha kijani pale nyuma, umenyoosha mkono toka nilipotaja Piriton, karibu.