Tumbo la Afande, na senene wa watu

SUBIRA: Haya wapendwa, tumerudi. Mimi Subira, huyu hapa Mujuni, amechelewa na anasingizia mwendokasi.

MUJUNI: Sisingizii. Nimesimama Kimara, mabasi yanapita yamejaa mpaka mlangoni. Nimefika au sijafika?

SUBIRA: Umefika. Leo nina karatasi. Nimeandika mafunzo matatu kwa wanaofuga, na tunayamaliza yote, hakuna kuchepuka.

MUJUNI: (anacheka) Uliposema hivyo juzi tukaishia kuongelea feni ya mama yako kipindi kizima.

SUBIRA: Mwache mama. Leo ni Afande. Wale wa siku zote mnamjua, yule Jemani Shepadi wangu wa Goba ambaye Mujuni akija anabaki nje ya geti ananipigia simu.

MUJUNI: Nina familia.

SUBIRA: Sasa hata angekuona asingekubwekea. Amekonda, ukimpapasa mgongoni unakutana na pingili moja moja. Anaharisha, anatulia, anaharisha tena. Wiki hii nikampakia kwenye bajaji tukaenda kwa daktari wa mifugo. Dereva kafungua pande zote mbili, maana njiani Afande alijamba mpaka yule kaka akaniuliza kama mbwa ameoza.

MUJUNI: Watu wako mezani, Subira.

SUBIRA: Watavumilia. Daktari kampandisha kwenye mizani, kambonyeza tumbo taratibu, kachukua choo akakitazama kwa hadubini kutafuta minyoo na giadia, kile kimelea kidogo cha utumboni. Damu ikatolewa kuangalia ini, figo na kongosho, kwa sababu hawa shepadi kongosho zao nazo zina matatizo yake. Na albumini, ile protini ya kwenye damu. Hiyo albumini nitairudia, ni funzo la tatu.

MUJUNI: Si ungempa flajili ukamaliza? Dar hii, tumbo ni flajili.

SUBIRA: Alishakula! Duka la dawa za mifugo, kijana wala hakuuliza mbwa ana kilo ngapi. Kuharisha kukakoma, dawa ilipoisha kukarudi. Na ndipo daktari akanifungua macho. Kuharisha kukizidi wiki tatu, na minyoo na mengine yote hayapo, huo unaitwa ugonjwa sugu wa utumbo, na hapo hutafuti mdudu mmoja wa kumuua. Utumbo wa mbwa umejaa bakteria ambao ni wapangaji halali, wana kazi zao. Kuna mmoja anaitwa Clostridium hiranonis, siku hizi wamembadilisha jina wanamwita Peptacetobacter.

MUJUNI: Jina la mchezaji wa Ugiriki.

SUBIRA: Huyo kazi yake ni nyongo. Nyongo inatoka kwenye ini kusaidia kusaga mafuta, ikifika chini kwenye utumbo mpana yeye anaigeuza. Ile iliyogeuzwa inawabana bakteria wakorofi, tena inatuliza uvimbe. Mbwa wengi wenye ugonjwa huu wamepungukiwa na huyo, wengine hawana kabisa. Na metronidazole, hiyo flajili yako, inamfagia. Wamewapa mbwa wazima kabisa, wasioumwa chochote, kwa wiki mbili. Wiki nne baada ya kuacha dawa, bado bakteria wa baadhi yao hawajakaa sawa.

MUJUNI: Sawa, lakini aliacha kuharisha.

SUBIRA: Aliacha.

MUJUNI: Nimeuliza tu.

SUBIRA: Haya, sasa upande wa kinga, ndiyo ulioninyima usingizi. Ukuta wa utumbo unatoa kingamwili zinaitwa IgA. Zinawavaa bakteria, zinawaweka mbali na ukuta, hakuna ugomvi. Halafu kuna IgG, hizo zinakaa zaidi kwenye damu na zikimshika mtu zinaita vita. Mwaka 2019 watafiti wa Colorado walichukua vinyesi vya mbwa wagonjwa na vya mbwa wazima wakalinganisha. Bakteria wa mbwa wagonjwa walikuwa wamegandwa na IgG nyingi kuliko wa wale wazima. Yaani mwili umeanza kuwapiga wapangaji wake wenyewe.

MUJUNI: Nani kaanza? Mpangaji au mwenye nyumba?

SUBIRA: Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ukuta ukivuja bakteria wanapenya, kinga inawaka. Kinga ikiwaka ukuta unazidi kuvuja. Ukishaingia kwenye huo mzunguko, mwanzo hauonekani tena.

MUJUNI: Kwa hiyo dawa ni nini?

SUBIRA: Chakula. Kabla ya steroidi, zile dawa za kupooza kinga, kabla ya antibaiotiki. Zaidi ya nusu ya mbwa hawa wanapata nafuu kwa kubadilishiwa chakula peke yake. Na kule Pennsylvania waliona mbwa waliopona kwa chakula, yule wa nyongo aliongezeka tena. Unampa ama chakula cha dukani ambacho protini yake imekatwakatwa vipande vidogo mno mpaka kinga haiitambui, ama nyama ambayo maisha yake yote hajawahi kuionja. Sasa daktari ananiuliza, huyu hajawahi kula nyama gani?

MUJUNI: (anacheka) Ng'ombe?

SUBIRA: Utumbo wa Vingunguti ndio uliomlea.

MUJUNI: Kuku.

SUBIRA: Vichwa na miguu. Dagaa kila siku kwenye ugali. Samaki, vichwa vya Feri.

MUJUNI: Mbuzi?

SUBIRA: Idd. Mtaa mzima unamrushia mifupa.

MUJUNI: Kitimoto basi.

SUBIRA: Jirani yetu ana baa, Mujuni.

MUJUNI: Pweza.

SUBIRA: Ushindwe!

MUJUNI: Nazungumzia protini, wewe unafikiria nini?

SUBIRA: Nafikiria majike wote wa Goba. Sungura daktari aliniambia anafaa, lakini bei ya sungura, nikimnunulia Afande mimi nitakula nini? Akaniambia huko Ulaya kuna chakula cha mbwa cha wadudu, kinauzwa kabisa dukani. Hapo ndipo nikakukumbuka.

MUJUNI: Usiseme.

SUBIRA: Senene.

MUJUNI: Subira.

SUBIRA: Afande hajawahi kula senene. Nina uhakika kwa asilimia mia.

MUJUNI: Sikiliza. Mama yangu kule Muleba anawapata Novemba, anawang'oa mbawa mmoja mmoja, anawakaanga, anawafunga, anampa kondakta wa basi. Safari nzima kondakta anadokoa. Wanafika Dar kopo moja, nakula kwa kuhesabu. Wewe unataka kumwekea mbwa kwenye sufuria?

SUBIRA: Ni mgonjwa.

MUJUNI: Hata mimi naumwa! Nina vidonda vya tumbo, mbona hujanihurumia?

SUBIRA: Bila chumvi, bila kitunguu. Ukimpimia kikombe asubuhi na jioni...

MUJUNI: Kikombe! Kwetu kikombe cha senene ni mahari.

SUBIRA: Wasikilizaji, kama kuna Mhaya anayemhurumia mbwa...

MUJUNI: Hayupo. Nawasemea wote. (wote wanacheka)

SUBIRA: Haya, turudi.

MUJUNI: Turudi, nina hoja ya kweli. Nimekua na mbwa koko. Wanakula ndizi zilizobaki, maharage, wanachokiokota. Hakuna aliyekondeana hivi, hakuna aliyepimwa nyongo. Ugonjwa huu mmeununua pamoja na shepadi.

SUBIRA: Nusu yake ni kweli. Shepadi wana tofauti kwenye jeni za kinga, kuna moja inaitwa TLR5, inayotambua mikia ya bakteria, inawaweka kwenye hatari zaidi. Lakini koko anaugua pia.

MUJUNI: Sijamwona.

SUBIRA: Hujamwona kwa sababu akiharisha mwezi mmoja anakwenda kufia kwenye migomba na mnasema kaondoka. Nani alimpima? Nani alimfuata?

MUJUNI: Tungejua. Mbwa wa nyumbani anajulikana.

SUBIRA: Mlikuwa na mbwa wangapi waliozeeka?

MUJUNI: Walikuwepo.

SUBIRA: Mtaje mmoja.

MUJUNI: ...Hawakuwa na majina, lakini walikuwepo.

SUBIRA: Hao waliobaki ndio unaowakumbuka.

MUJUNI: Na wewe unanihesabia waliokufa ambao hujawaona. Mimi nasema nilichokiona kwa macho. Mbwa wa kununuliwa kwa laki na laki ndiye anayehitaji sungura.

SUBIRA: Sikubali.

MUJUNI: Usikubali, ni haki yako.

SUBIRA: Halafu shida kubwa ya hiki chakula ni uaminifu wa nyumba nzima. Wengi wanaoitikia wanaonyesha ndani ya wiki mbili, lakini iwe hicho tu, hata kipande cha mkate hapana. Nimewakalisha watoto, nimemkalisha dada, nimemkalisha mlinzi. Mlinzi kaniitikia vizuri kabisa, usiku nachungulia dirishani namwona anamega andazi, nusu yake, nusu ya Afande.

MUJUNI: Huyo ni mtu mwema.

SUBIRA: Amenirudisha mwanzo! Andazi lina maziwa, mayai...

MUJUNI: Subira, fundi mitambo ananyoosha mkono kule. Dakika moja.

SUBIRA: Dakika moja? Sijasoma hata funzo la kwanza!

MUJUNI: Chagua moja.

SUBIRA: Steroidi. Hapana, albumini. Ikishuka sana kwa mbwa wa hivi, huenda protini inavujia utumboni, na hapo usisubiri wiki mbili za... Hii haitoshi dakika moja, Mujuni.

MUJUNI: Wiki ijayo.

SUBIRA: Wiki ijayo tuna yule mama wa kodi za nyumba.

MUJUNI: Basi wamuulize daktari wao. Na mbwa koko haugui.

SUBIRA: Anaugua. Usizime kwanza, anaug...