Upepo wa Saa Nane Usiku: Kulaza Boti kwa Nanga Ziwa Tanganyika

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi manahodha vijana mliojibanza huko mlangoni, sogeeni, viti vipo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kulaza boti kwa nanga siku ya upepo. Nanga yenyewe tutaifikia. Kwanza ziwa.

Ziwa letu linafika kina cha mita 1,470, na sehemu nyingi za kingo zake ni milima iliyoendelea kushuka chini ya maji. Wanaotoka mwalo wa Kibirizi kwenda Gombe wanajua: omo, yaani mbele ya boti, limegusa kokoto, shetri, yaani nyuma yake, linaelea pasipoonekana chini. Vitabu vya ubaharia vingi viliandikwa kwa ajili ya ghuba zenye sakafu tambarare. Havidanganyi, ila havikuijua Kigoma.

Vinasema toa kamba mara 7 ya kina. Sawa, lakini kina hicho kihesabiwe kuanzia omo, si usoni mwa maji. Maji mita 8, omo mita 1 juu yake, jumla 9. Kamba ni mita 63. Nanga hailindi boti kwa uzito wake pekee. Inashika kwa kuvutwa ikiwa imelala, ukucha ukazama. Kamba ya mara 7 ikikaza inainuka digrii kama 8 tu. Ndiyo maana mimi, mtu akiniuliza anunue nanga nzito zaidi au aongeze mnyororo kati ya nanga na kamba, namwambia mnyororo, maana uzito wake unailaza nanga.

Sasa chukua sakafu yenye mteremko wa digrii 20. Alasiri upepo unatoka ziwani, boti inasukumwa kuelekea nchi kavu, nanga inavutwa kupanda. Imeshika barabara, mnakula ugali na mgebuka, mnalala. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unageuka na kushuka kutoka milimani. Boti inazunguka upande wa ziwa, na nanga ile ile sasa inavutwa kuteremka: zile digrii 8 zimekuwa 28. Ni sawa na mtu aliyetoa kamba mara 2 tu ya kina! Ikichomoka hapo haipati tena pa kushika. Inaning'inia, nanyi mnaelekea Kongo mkiwa usingizini.

Kwa hiyo unapochagua mahali, hesabu upepo wa saa nane usiku, usihesabu huu unaokupiga usoni saa kumi na mbili jioni.

Penye mteremko mkali mimi naangusha nanga upande wa ziwa, narudi kinyumenyume taratibu mpaka ikaze, kisha kamba ya pili inatoka shetri hadi kwenye mti au jiwe kubwa. Upepo wa ziwani ukija, nanga inavutwa kupanda. Wa mlimani ukija, mti unabeba. Ila kabla hujamtuma kijana aruke na kamba, tazama maji, mamba wapo. Na kama ni ndani ya hifadhi, Gombe au Mahale, zungumza na askari kwanza.

Ubaya wa mtindo huu ni upepo wa ubavuni. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unapata ziwa refu la kukimbilia na mawimbi yanakua. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake juu ya boti ni mara nne. Msimu huo jificheni nyuma ya rasi, upande wake wa kaskazini. Na kamba ya nchi kavu izungushwe mti halafu ncha yake irudi botini, ili uweze kuiachia bila mtu kushuka.

Kijana mmoja ameniuliza pale nje: gizani utajuaje nanga inaburura? Shika kamba mbele ya omo kwa kiganja. Nanga iliyoshika, kamba inakaza na kulegea polepole. Inayoburura inatetemeka, inakwaruza, inashtuka. Kisha tafuta alama mbili zilizo kwenye mstari mmoja, mti na kilele cha mlima nyuma yake; zikiachana, huenda boti imehama, angalia. Taa za wavuvi wa dagaa usizitumie, maana nazo zinatembea!

Programu ya simu inayopiga kelele boti ikihama ni nzuri, mradi kuna chaji. Mwenye zamu akae omo, si jikoni.

Sasa tutoke. Nimelaza nanga mbili kwenye mchanga hapo nje, moja ina mnyororo, moja haina. Kila mtu atazivuta kwa mkono wake.