Mbuzi Apande Jukwaani au Asipande?

JUMA: Karibuni tena. Mnatufahamu, kwa hiyo salamu tunazikata. Dada Nyemo leo kaingia studio na vumbi la kijijini hadi magotini.

NYEMO: Vumbi la kikao hilo, Kaka Juma. Liheshimu.

JUMA: Kikao cha nini tena?

NYEMO: Cha fidia. Kijijini kwa mama kuna kilima, mkandarasi anakuja kupasua kokoto. Karani kafika na meza na daftari lake, tukakaa chini ya mbuyu mpaka jua likageuka. Mwenye shamba, kalipwa. Mwenye kaburi la mzee wake, kalipwa. Shangazi yangu amechunga mbuzi kilimani pale tangu hajaolewa, anaambiwa, "Mama, kuchunga siyo kumiliki." Halafu mtendaji anasimama: kwa ajili ya baruti, kuanzia sasa mbuzi wasionekane upande ule.

JUMA: Wangapi?

NYEMO: Nini wangapi?

JUMA: Mbuzi wa shangazi.

NYEMO: Ameanza.

JUMA: Ni swali la kitafiti.

NYEMO: Wasikilizaji, leo tulipanga kuzungumzia tamthilia za baada ya uhuru na ugomvi wa mali ya ardhini: mafuta, gesi, madini, ardhi yenyewe. Na wale wa kidato cha sita mliotuandikia, mafunzo matatu mtayapata mwishoni. Sasa, nikiwa pale chini ya mbuyu nikamkumbuka J.P. Clark wa Nigeria. Ana tamthilia inaitwa The Wives' Revolt, ilichapishwa 1991. Kampuni ya mafuta inaupa mji wa Erhuwaren pesa. Wanaume wanazigawa mafungu matatu: la wazee, la wanaume, la wanawake.

JUMA: Mbona haki hiyo.

NYEMO: Wazee wenyewe ni akina nani?

JUMA: Aa. Wanaume.

NYEMO: Kwa hiyo wamekula mara mbili. Wanawake wanahoji, na jibu la wanaume ni sheria mpya: mbuzi marufuku mjini. Na mbuzi pale ni mali ya wanawake.

JUMA: Subiri! Mafuta yanachimbwa, anayefukuzwa ni mbuzi?

NYEMO: Ndiyo nikamkumbuka. Wanawake wanafungasha, wanauhama mji. Okoro, yule mpiga mbiu aliyeitangaza hiyo sheria, anabaki na watoto na sufuria. Nilicheka peke yangu kikaoni, wajomba wakanikata jicho.

JUMA: Ningekuwa muongozaji, mbuzi angepanda jukwaani. Mzima, mwenye ndevu. Sheria ikisomwa, yeye anatafuna.

NYEMO: Kaka, chuoni sisi tulimpandisha mbuzi. Mchezo mwingine kabisa, lakini mbuzi hai.

JUMA: Mlimnunua wapi?

NYEMO: Mnadani Msalato, Jumamosi, kwa mchango wa darasa. Mazoezini ana adabu kama mtoto wa mchungaji. Siku ya onyesho anaona taa, anashuka, anakwenda moja kwa moja kwa mgeni rasmi na kumla shada la maua.

JUMA: [anacheka] Na mgeni rasmi?

NYEMO: Akapiga makofi, alidhani imo kwenye mchezo. Shida ilikuja onyesho la pili.

JUMA: Aligoma?

NYEMO: Alikuwa ameshaliwa. Vijana wa jukwaa walisherehekea usiku ule ule.

JUMA: Ndiyo maana Singida tunafuga kuku. Kuku ana nidhamu ya jukwaa.

NYEMO: Kuku wa Singida? Atatoroka kabla ya pazia, anajua kabisa wageni wakija nani anachinjwa.

JUMA: Tumuulize fundi mitambo. Fundi, mbuzi au kuku? ... Anasema tumebakiza dakika kumi.

NYEMO: Basi turudi kwenye hoja.

JUMA: Hoja yangu ni hii, na sitanii. Umesimulia mchezo mzima: wanaume, wanawake, mbuzi. Kampuni iko wapi?

NYEMO: Haipandi jukwaani.

JUMA: Basi Clark kaiachia. Kaigeuza dhuluma ya mafuta kuwa ugomvi wa mume na mke, watu wanacheka, wanakwenda kulala. Kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, shamba la pamba limo jukwaani. Viboko vimo. Unajua nani anamnyonya nani.

NYEMO: Na tamthilia ile inapanda pale viboko vinapokwisha! Moto wake ni kati ya Kinjeketile na watu wake, juu ya maji aliyowapa wayaamini. Mjerumani angebaki peke yake pale tungekuwa na somo la historia la darasa la sita.

JUMA: Pasipo Mjerumani, hayo maji ni ya nini?

NYEMO: Sikusema hayupo. Nasema kijijini kwetu mwenye kampuni simjui kwa sura. Nilichokiona ni karani na bahasha. Waliogombana ni wajomba na shangazi. Tamthilia ikimleta mkandarasi na kitambi na miwani myeusi, tutamzomea na kutoka tumeridhika. Mgao wetu wa bahasha nani atauzomea?

JUMA: Lakini kokoto zinaondoka kwa lori la nani, dada? La mjomba? Delta ya Niger, kwenye mafuta ya Nigeria, Ken Saro-Wiwa na Waogoni wenzake wanane, watetezi wa ardhi yao, walinyongwa tarehe 10 Novemba 1995. Mwandishi wa maigizo, yule wa Basi and Company kwenye televisheni. Hawakunyongwa kwa ugomvi wa nyumbani.

NYEMO: Delta hiyo hiyo, Ahmed Yerima kaandika tamthilia ya Hard Ground. Kijana Nimi yumo kwenye kundi la wapiganaji, na mwisho kigogo aliyekuwa nyuma yao anakuwa nani? Baba yake. Mwandishi hakuhitaji mzungu hata mmoja.

JUMA: Na mwenye visima anakunywa chai! Mei 2013 Mtwara inawaka kwa ghasia za kupinga bomba la gesi, siku bajeti ya nishati na madini inasomwa hapa hapa Dodoma bungeni. Wewe ungeandika tamthilia gani? Ya mashemeji wa Mtwara wanaogombania kiti?

NYEMO: Ningeiweka ndani ya nyumba moja, redio inasoma bajeti, mama anapika. Ndiyo.

JUMA: Mimi ningeweka bunge jukwaani.

NYEMO: Na watazamaji wangelala, kama kawaida.

JUMA: [anacheka] Hilo sijibu, tuna wasikilizaji waheshimiwa.

NYEMO: Fundi ananyoosha vidole viwili. Kaka, mafunzo matatu!

JUMA: La kwanza... Hapana, kwanza nimalize. Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikitaka, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Kenya, waliigiza wenyewe 1977, ikapigwa marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Ungekuwa ugomvi wa familia tu, serikali ingehangaika nao?

NYEMO: Imehangaika kwa sababu Kĩgũũnda, yule kibarua maskini wa mchezo, anadhulumiwa ekari yake moja na nusu na Mkenya mwenzake. Kioi ni tajiri aliyemwajiri, anamshawishi afunge ndoa kanisani, akope benki kwa hati ya shamba. Ndicho kilichouma.

JUMA: Na shamba linatakiwa lijengwe nini?

NYEMO: Kiwanda cha dawa za wadudu.

JUMA: Pamoja na nani?

NYEMO: Kidato cha sita, mafunzo tutayapanga siku nyingine, someni vitabu vyenyewe kwanza...

JUMA: Pamoja na nani, Dada Nyemo?

NYEMO: Na wageni. Lakini aliyegonga mlango...

JUMA: Amesema! Fundi, umerekodi hiyo?

NYEMO: Aliyegonga mlango ni Kioi! Usikate hapo, fundi, ataondoka anadhani kashi...