Saizi ya faili isikudanganye

Jamani habari za jioni, naona mafundi wa Kampala mpo na wengine mmetoka hadi Jinja na Mbale, asanteni sana. Leo naongea kitu kimoja tu, faili zinazoharibika zikipita kwenye netiweki, ule ugonjwa wa picha kufunguka nusu halafu huku chini ni kijivu tupu, au zipu inagoma kufunguka na saizi ni ileile kabisa.

Niliitwa ofisi moja, seva ya Samba, yaani programu ya kugawana faili kwenye netiweki, kompyuta 12, kila mtu analaumu kebo, tukabadilisha kebo, tukabadilisha swichi, siku 2 zimeisha na faili bado zinaoza. Ndo nikatulia, nikachukua faili moja ya giga 20, nikaikopi mara 3 na kila kopi nikaipiga sha256sum, amri inayosoma faili yote na kutoa namba ndefu kama alama ya kidole, kitu kidogo kikibadilika na namba inabadilika. Majibu 3, yote tofauti! Sasa hapo fikirini na mimi: kama faili ingekuwa imeoza kwenye diski yenyewe, kila kopi ingetoa jibu baya lilelile, lakini majibu yakichezacheza hivi, ujue inaharibika wakati wa kusomwa au kusafirishwa. Ila faili iwe kubwa kuliko ramu ya seva, la sivyo unasoma kashe ileile, nakala iliyobaki humo kwenye ramu, na jibu halitabadilika.

Mimi kebo naiweka mwisho. Fremu ya Etheneti, yaani kipande cha data kinachopita kwenye kebo, ina CRC ya biti 32, namba ya kukagua kama kipande kimefika salama, kebo ikiwa mbovu fremu inatupwa, TCP, utaratibu unaosimamia usafirishaji wa data, inatuma tena, wewe unaona spidi imeshuka tu. Kinachonitisha ni data kuharibika ndani ya mashine kabla cheksamu, yaani namba ya kukagua kama hiyo CRC, haijapigwa, maana hapo netiweki inabeba uchafu na inauthibitisha kuwa safi. Na cheksamu ya TCP ni biti 16 tu, ni ya kujumlisha, vipande viwili vya biti 16 vikibadilishana nafasi jumla inabaki ileile, haishtuki.

Basi nikakaa kwenye seva yenyewe, bila netiweki kabisa, nikapiga sha256sum ileile mara 3. Bado majibu yanatofautiana! Yani kebo na swichi tulizonunua hazikuwa na kosa lolote. Usiku nikaacha Memtest86+, programu ya kupima ramu, inazunguka, asubuhi skrini imejaa mistari myekundu, kijiti kimoja cha ramu kibovu. Tukakitoa, majibu yakalingana.

Umeme kukatika seva ikiwa inaandika, hiyo mnaijua, wekeni UPS, betri ya kushikilia umeme.

Kilichoniuma ni bakapu. Bosi wa pale aliniambia ssebo, yaani bwana, usijali, tunafanya bakapu kila Ijumaa, na kweli walifanya, lakini zote zilipitia kwenye ramu ileile na hakuna aliyezilinganisha hata siku moja. Tulikaa wiki nzima tunafungua faili moja moja, ankara za watu, mikataba ya watu, nyingine hazikurudi.

Haya, toeni laptop, kila mmoja achague faili yake kubwa ya bakapu tuipige sha256sum sasa hivi.