Bwati Ikipatina, Anza na Kijiti

Karibuni, wapapa na wamama, na ninyi vijana wa garaji mliobanana kule mlangoni. Kabla sijaanza: ile Corolla inayonguruma uani, tafadhali mtu asiizime. Tuna kazi nayo.

Bwati otomatiki, yaani gia boksi inayojibadilishia gia, ikipatina, yaani ikiteleza bila kushika, kila dereva wa Goma anaijua hali hiyo. Umepakia watu, unapanda, unakanyaga mafuta, injini inalia, mizunguko inafika 4,000, na gari inatambaa hadi msukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, anakupita. Au asubuhi unatia D, gia ya kwenda mbele, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inashika kwa kishindo.

Ndani ya bwati hii oili ndiyo mfanyakazi. Inapeleka nguvu ya injini kupitia konvata, kile kiungo kati ya injini na bwati, inabana diski za klachi, tena inabeba joto. Diski zenyewe zimevikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Presha ikipungua hazibanwi sawasawa, zinasuguana, zinaungua. Kwa hiyo tunauliza kwanza: presha imeenda wapi?

Nami nilipokuwa kijana sikuuliza. Corolla yangu ya 1997 ilianza kupatina wiki moja baada ya kubadilishiwa gasketi ya injini. Fundi akaniambia, "Papa, bwati imekufa." Nikanunua nyingine ya mtumba, tukahangaika siku mbili kuifunga, na gari ikapatina vile vile. (Cheka tu, mimi nilishalia.) Kosa lilikuwa kebo. Toyota nyingi za wakati ule zina kebo nyembamba kutoka kwenye kipepeo cha hewa cha injini hadi kwenye bwati, ndiyo inayoiambia bwati, "Leo kuna mzigo, ongeza presha." Wakati wa gasketi waliifungua, wakairudisha ikiwa legevu. Bwati ikadhani siku zote tunatembea bila mzigo. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kile kipande kidogo kilichobanwa juu ya kebo kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka mdomo wa mpira. Dakika kumi na spana ya 12. Mimi nililipa bwati nzima.

Lakini hata kebo si ya kwanza. Cha kwanza ni kijiti cha kupimia oili, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwenye Toyota hizi oili inapimwa injini ikiwaka, gari ikiwa mahali tambarare, imepata moto, na umepitisha mkono wa gia kwenye gia zote ukarudi P, ya kuegesha. Honda za zamani nazo zinataka injini imezimwa. Kila gari na desturi yake. Ukipima Toyota injini imezimwa, kijiti kinaonyesha oili nyingi kuliko ilivyo, unaridhika, kumbe pampu inavuta hewa. Ukijaza kupita alama nako, vyuma vinavyozunguka vinaipiga inatoa povu, na povu halibani kitu.

Hapa kwetu kuna ugonjwa mwingine ambao vitabu vya Japani havikuuona: mawe ya volkano. Jiwe linagonga karteri, lile bakuli la chini, linabonyea ndani kidogo tu. Hakuna oili iliyomwagika, basi unaendelea na safari. Lakini chujio liko juu kidogo ya bakuli hilo, na sasa mdomo wake umezibwa nusu. Nimenyoosha karteri ya namna hii kwa nyundo na gogo la mti, na gari ikapanda.

Taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu kwenye dashibodi, ikiwakawaka yenyewe, kompyuta inakuita. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, uhesabu mimweko: 62 na 63 ni solenoidi, vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili, 61 ni kihisi cha mwendo. Solenoidi si bwati nzima, msikubali kutishwa.

Sasa jaribio la kukanyaga breki na mafuta pamoja katika D. Ni la mwisho, magurudumu yamewekewa mawe, mbele pasiwe na mtu, na lisizidi sekunde tano. Mizunguko ikipita kiasi cha kitabu katika D peke yake, shaka klachi ya kwenda mbele. Ikipita katika D na R, ya kurudi nyuma, rudi kwenye presha. Ila mkumbuke tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hapa ina upungufu wa nguvu wa kama asilimia 15, kwa hiyo namba "nzuri" ya kitabu inaweza kuficha diski zinazopatina.

Papa taksimani ameuliza kuhusu dawa ya kichupa, ile ya kuchanganya na oili ya bwati. Kama mpira wa kuzuia oili umekauka kidogo, huenda ikausaidia. Diski iliyoungua haioti uso mpya, hata umwage debe. Oili nayo usinunue kwa wekundu wake tu. Soma kilichoandikwa kwenye kijiti au kitabu, aina ya Dexron au T-IV, na ya CVT, bwati za mkanda, usiiguse.

Haya, Corolla imepata moto. Nani ana karatasi nyeupe? Tudondoshe tone moja, tulinuse. Likinukia mkaa na kuacha vumbi jeusi katikati, mwenyewe ajiandae kufungua. Naona ameshaanza kujificha.