Kipindi cha 41: Paka Mwitu wa Miami na Shume wa kwa Bibi

MWANA: Tuko hewani? Haya, assalamu alaykum wapenzi wasikilizaji, sauti yangu leo mnisamehe, nimepiga kelele Ijumaa usiku na leo Jumanne koo bado halijarudi.

HAMISI: Waalaykum salaam. Nyie mnamjua dada Mwana, akiwa jukwaani Houston nzima inajua mwanawe Rashidi anacheza futiboli ya Kimarekani.

MWANA: Mtoto wangu anakimbia na mpira halafu mimi nikae kimya? Ebu niache. Sasa nkusimulie, maana uliniahidi utakuja hukuja. Kwotabeki wetu, yule anayepokea mpira na kuutupa, bega linamuuma, kutupa mbali hawezi, sasa kocha kamsogeza kule pembeni kabisa karibu na mstari, halafu nyuma ya senta, yule anayeanzisha mpira, kamsimamisha nani? Rashidi! Ranibeki, mtu wa kukimbia na mpira, ndo anapokea moja kwa moja. Mwenzake anapita mbio mbele yake toka upande, Rashidi anajifanya kama anampa, mara anampa kweli, mara anabaki nao mwenyewe anachoma katikati. Kaka, wale watoto wa timu ya pili walikuwa wanakamata hewa. Mpaka mapumziko tuna tachidauni tatu, yaani mara tatu tumefikisha mpira mwisho wa uwanja wao, 20 kwa 7, mbili za mwanangu.

HAMISI: Na mwisho ikawaje?

MWANA: Unajua ilivyokuwa, usiniulize.

HAMISI: Wasikilizaji hawajui.

MWANA: 28 kwa 20, tumefungwa. Kipindi cha pili hatukupata hata pointi moja. Kulikuwa na mtoto wao mmoja nambari 44, mimi nilimwona kabla hata makocha hawajamwona, kila kwotabeki wetu akienda pembeni yule anapiga makofi mawili, pa pa, ananyoosha kidole chini pale anapotaka wenzake wasimame, na Rashidi anakwenda palepale. Kwenye gari njia nzima mtoto hasemi neno, anatafuna tu ile gadi ya meno. Tumefika nyumbani ndo akaniuliza, mama, kile kitu kilikuwa kizuri au walikuwa hawakijui tu?

HAMISI: Hapo ndo kipindi chetu cha leo. Nimeandika mambo matatu kwenye daftari, tutayapitia moja moja, na la tatu ndo la Rashidi mwenyewe.

MWANA: Haya mjomba mtu, anza.

HAMISI: La kwanza, hicho alichocheza Rashidi tunaita Paka Mwitu, Wildcat, na dunia nzima iliijua tarehe 21 Septemba 2008. Timu ya kulipwa ya Miami Dolphins wanakwenda kwa wenzao Patriots. Miami msimu uliopita wameshinda mechi moja, wamefungwa 15, na huu mpya tayari wameshafungwa mbili. Patriots hawajapoteza mechi ya msimu wa kawaida, zimefika 21 mfululizo. Kwenye ndege wakitoka Arizona walikopigwa 31 kwa 10, kocha mkuu Tony Sparano anamuuliza kocha wake wa makwotabeki, David Lee, habari ya kile kitu alichokuwa anacheza chuo kikuu cha Arkansas. Wiki ileile wanakiingiza. Kwotabeki Chad Pennington anapelekwa pembeni, Ronnie Brown anapokea mpira, Ricky Williams anapita mbio mbele yake. Na lile jitu Jake Long, mzuiaji wao, wamelitoa kushoto kwake wamelihamishia kulia pamoja na mwenzake, yaani mabeberu wawili upande mmoja. Wamecheza hivyo mara sita tu, tachidauni nne. Brown mwenyewe siku hiyo kafunga nne kwa miguu na moja kamtupia Anthony Fasano. 38 kwa 13!

MWANA: Na Belichick, kocha wa Patriots, kasimama pale anatazama.

HAMISI: Hesabu yake nyepesi. Siku zote kwotabeki akishampa ranibeki mpira, yeye kazi imekwisha, anakuwa mtazamaji, kwa hiyo nyinyi mnabaki kumi na wale wako kumi na moja. Mwenye kukimbia akipokea mwenyewe, umempata mtu mmoja zaidi wa kuzuia njia.

MWANA: Si ndo nakwambia ni kitu kizuri!

HAMISI: Kizuri mpaka difensi, wale wanaokukaba, iseme, huyu bwana pembeni hatutishi, muacheni, na watu wa nyuma wote waje mbele. Sasa mtu wa kutupa huna, hesabu yako imerudi palepale, tena pabaya zaidi. Timu ya Ravens walikuja Miami Oktoba ileile wakaibana, 27 kwa 13. Patriots wakarudi Novemba, 48 kwa 28. Ndo nambari 44 wako huyo. Na ndo sababu nasema kitu kama hiki ni sawasawa na Shume.

MWANA: Shume wa kwa Bibi? Subhanallah, umemkumbuka wapi!

HAMISI: Wanaotusikiliza kwa mara ya kwanza, sisi tumelelewa pamoja Tanga, Ngamiani, kwa bibi yetu, na kulikuwa na paka shume wa mtaani, sikio moja limekatika, kazi yake samaki wa Bibi. Kwanza Bibi anafunika sahani kwa ungo, Shume anausukuma kwa kichwa. Bibi akaweka jiwe juu ya ungo. Siku mbili tu, Shume kajua ukivuta ukingo upande usio na jiwe unanyanyuka. Bibi akatundika kapu kwa kamba kwenye boriti...

MWANA: Akapita juu ya ukuta, akatembea kwenye boriti! Namwona mpaka leo, mkia juu, anashuka na kamba kama baharia.

HAMISI: Halafu likaletwa kabati la wavu, lenye kitasa. Na hapo Shume kwisha.

MWANA: Kwisha wapi?

HAMISI: Kwisha. Kahamia kwa jirani.

MWANA: Hapana kaka. Shume aliiba mpaka tunahama ile nyumba. Alichobadilisha ni saa. Bibi alikuwa anafungua kabati alfajiri kutoa maziwa, anakwenda kuchukua sufuria, Shume yuko chini ya mbuzi ya nazi anamsubiri. Kabati halikumshinda, kabati lilimfundisha kusubiri.

HAMISI: Lile kabati likishafungwa halikufunguka na paka.

MWANA: Nimekwambia alfajiri!

HAMISI: Alfajiri nilikuwa mimi naamka na Bibi kwenda kununua mkaa, Mwana. Sijamwona.

MWANA: Kwa sababu ulikuwa unatembea umelala. Sikiliza, na hao Miami wako mbona umeishia Novemba? 2009, tarehe 12 Oktoba, usiku wa Jumatatu, Jets wamekuja Miami. Kocha mkuu wa Jets ni nani? Rex Ryan! Yuleyule aliyekuwa anaongoza difensi ya Ravens walipoibana 2008. Anayeijua kuliko watu wote. Zimebaki sekunde sita, Ronnie Brown kapokea mpira Paka Mwitu ileile, kaingia. 31 kwa 27. Sasa huyo hakuwa na kabati?

HAMISI: Hiyo mechi naijua, na nakupa. Yadi mbili za mwisho.

MWANA: Yadi mbili si yadi?

HAMISI: Yadi mbili ni mahali ambapo hakuna wa kutupiwa mbali hata ungekuwa na kwotabeki. Pale inafanya kazi kwa sababu ile kasoro yake haionekani. Lakini tazama mwaka huohuo, walimchagua Pat White wa West Virginia, nambari 44 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mtu wa kukimbia na kutupa, ili Paka Mwitu apate meno. Pasi tano alizojaribu msimu ule, hazikufika hata moja. Brown naye akaumia Novemba. Baada ya hapo timu zinaichezea mara moja moja kama chumvi.

MWANA: Chumvi ndo chakula, kaka. Nani anapika bila chumvi? Leo kila Jumapili unaona mtu anapita mbio mbele ya kwotabeki kabla mpira haujatoka, na kwotabeki mwenyewe anakimbia, hiyo hesabu yako ya mtu mmoja zaidi wanaitumia hao hao. Haikufa, imeingia ndani ya nyumba. Na wala Miami hawakuizua. Kocha wa zamani Pop Warner alikuwa anampa mpira mtu wa kukimbia moja kwa moja tangu mwanzo wa karne iliyopita, waliita single wing, na timu ya Steelers waliishikilia mpaka miaka ya mwanzo ya 1950. Imekaa chini ya mbuzi ya nazi zaidi ya miaka hamsini, ikatoka.

HAMISI: Huyo paka wako ana umri gani?

MWANA: Nacheka lakini sijakuachia. Chicago Bears 1940, fainali, mtindo walioita T, kwotabeki kasimama karibu na senta, mtu anapita mbio kabla ya mpira, watu wanashangaa. 73 kwa 0 dhidi ya Washington. Je, difensi zilijifunza? Zilijifunza. Je, ile T ilikufa? Ligi nzima ikaicheza!

HAMISI: Ndo nasema sasa, hiyo ilikuwa na pasi ndani yake, ilikuwa mfumo mzima. Ikajibiwa, nayo ikajibu. Paka Mwitu ikijibiwa haina la kusema, kwa sababu anayepokea mpira hawezi kutupa. Sisemi kitu kigeni kinakufa kwa sababu ni kigeni. Nasema hiki kimekufa, na Rashidi atashikwa Ijumaa ijayo dakika ya kwanza, nisingependa, ni mtoto wangu yule, lakini atashikwa.

MWANA: Usimwambie hivyo.

HAMISI: Simwambii. Nakwambia wewe.

MWANA: Mimi nasema kocha asiitupe. Amfundishe Rashidi kutupa pasi moja tu, ile fupi ya pembeni, kama Brown kwa Fasano. Nambari 44 akipiga makofi, mpira unakwenda juu ya kichwa chake.

HAMISI: Kwa siku tatu atajifunza?

MWANA: Miami walijifunza kwa wiki.

HAMISI: Walikuwa watu wazima wanalipwa. Na hata hao, siku ile pasi moja tu.

MWANA: Hatukubaliani.

HAMISI: Hatukubaliani. Tena nkwambie na la Shume, maana nimelinyamazia miaka. Wewe ndo ulikuwa unamfungulia kabati.

MWANA: Nani?

HAMISI: Wewe. Harufu ya samaki kwenye kanga yako ya shule ya madrasa, Bibi alikuwa anajua, akanyamaza kwa sababu ulikuwa mdogo. Paka hakushinda kabati, alikuwa na mtu ndani.

MWANA: Wallahi sikumfungulia! Nilimpa mara moja, kichwa, na nilikitoa kwenye sahani yangu.

HAMISI: Ahaa.

MWANA: Ahaa nini, kichwa changu mwenyewe! Siku nyingine zote aliiba kwa akili yake, usimvunjie heshima.

HAMISI: Samaki changu mzima ametoka kabatini siku ya mkesha wa Idi, mlango umerudishwa na kitasa kimeshushwa. Paka anashusha kitasa?

MWANA: Hiyo siku sikuwepo, nilikuwa kwa mama mdogo Pangani.

HAMISI: Pangani ulikwenda baada ya Idi.

MWANA: Kaka, tazama saa. Mimi saa nne niko kazini, na mtoto anatoka mazoezini sasa hivi, nimemwambia nitakuwa getini.

HAMISI: Bado sijasoma la pili wala la tatu. La tatu ndo jibu la Rashidi!

MWANA: Njoo Ijumaa umwambie mwenyewe, saa moja usiku, ukae na mimi mstari wa mbele, na uje na kofia, kunatabiriwa mvua. Wasikilizaji tuandikieni, mnisaidie kwa huyu.

HAMISI: Nakuja. Lakini kabati ulifungua wewe.

MWANA: Na hakuwa changu. Alikuwa kibua.